Elimu ya msingi ni bure tangu 2003. Mbona mitaa ya mabanda wazazi bado wanalipa karo kwenye vishule vya kanisa?

Msafiri_wa_46

Wadau, salaam. Kuna jambo linanitatiza tangu nihamishiwe kikazi upande wa Mukuru, mtaa wa mabanda hapa Nairobi. Nasambaza mkate kwa maduka, kwa hiyo vichochoro nimevizoea. Kila ukipiga kona unakuta kanisa la mabati, na ndani ya kanisa kuna shule. Si chekechea tu. Ni PP1 hadi gredi ya sita, sare zipo, kengele ipo (kipande cha chuma kimening'inizwa kwa waya). Na wazazi wanalipa. Moja niliyoulizia inatoza 600 kwa mwezi, juu yake 20 ya chakula kila asubuhi. Mama aliyenijibu anafua nguo za watu South B.

Sasa elimu ya msingi ilitangazwa kuwa bure Januari 2003. Shule ya umma ipo, nimeiona kwa macho yangu, ng'ambo ya barabara. Maelezo ni nini? Imani? Kutojua? Mimi nadhani mapasta wamegundua biashara na maskini ndiye mteja. Nipingeni.

Fundi_Mabati

Umejijibu bila kujua: "ng'ambo ya barabara". Barabara yenyewe si ile ya malori ya Industrial Area? Mtoto wa miaka sita avushwe na nani saa kumi na mbili unusu asubuhi, mama yake keshatoka kutafuta kibarua? Wangu nilimtoa shule ya umma kwa sababu hiyo tu. Masomo hata sikuyaangalia.

Mama_wa_Ploti_Kumi

Hapo kwa "bure" nimecheka. Nilimpeleka kifungua mimba wangu shule ya umma. Siku ya kwanza nikapewa karatasi: pesa ya dawati, rimu ya karatasi, mlinzi, mitihani, sare ya duka moja tu, na tuisheni "ya hiari" ambayo asiyelipa anakaa nje. Ukijumlisha haizidi ya kanisa kwa mwaka, nakubali. Ubaya wake inatakiwa yote kwa mpigo, Januari, wakati mimi napata pesa kwa siku.

Kanisani nalipa 50 leo, 100 Ijumaa, wiki nyingine sina. Mwalimu mkuu ana daftari la mistari. Jina la mtoto, nambari ya mzazi, kisha visanduku vya siku: 20, 20, 0, 50, 0. Pembeni anaandika kwa penseli "mama amelazwa" au "baba hajalipwa mjengo". Mwisho wa muhula anafuta baadhi. Niambieni shule gani ya serikali ina penseli hiyo.

Mchokonozi

Penseli hiyo hiyo ndiyo inayoandika fungu la kumi, mama. Nyie mnaona huruma, mimi naona hesabu. Watoto 180 mara 600 ni 108,000 kwa mwezi. Jengo ni la kanisa, kodi haipo. Walimu sita wa 6,000. Zilizobaki zinaenda wapi? Pasta wa mtaani kwetu alianza na baiskeli, leo ana Probox.

Mwalimu_Chaki

Mchokonozi, hesabu yako ni ya mtu ambaye hajawahi kukusanya 600 Mukuru. Nafundisha gredi ya nne kwenye shule ya aina hii, nisiseme wapi. Kwenye orodha tuko karibu hao 180 wako. Wanaolipa kamili mwezi huo huo hawafiki nusu. Toa mahindi na maharagwe, toa kuni, toa maji ya mtungi, toa choo kinachopakuliwa kwa mkono na lazima umlipe kijana wa mtaa. Mshahara wangu ni 7,000 ukija, na usipokuja kuna "tuombe".

Mnaotaka kujua hali ilivyo: madarasa manne yako ndani ya ukumbi mmoja, yametengwa kwa plaiwudi iliyoning'inizwa kwenye ndoano. Gredi ya pili wakiimba jedwali la mara tatu, wangu wa gredi ya nne wanakosea jedwali la mara saba. Ijumaa alasiri gredi ya tano na ya sita wanashusha plaiwudi, wanatoa madawati nje, wanapanga viti vya plastiki kwa ibada. Kinanda na ngoma hufungwa mnyororo wiki nzima maana PP2 hawawezi kukiacha kitu kinachotoa sauti. Vitabu vinakaa ndani ya mimbari. Jumatatu nikifika nakuta somo langu la sehemu limefutwa ubaoni, mahali pake pana orodha ya michango ya mazishi.

Na bado wanakuja. Tunafungua kabla ya saa kumi na mbili unusu asubuhi na mtoto wa mwisho anaondoka giza likiingia. Nadhani hilo lina uzito kuliko Biblia.

Mzee_wa_Jericho

Vijana mnapenda kulia. Sisi tulisoma bure tangu Moi, 1979, na maziwa juu. Hakuna aliyetafuta kanisa. Watoto wangu wote wamesoma shule ya manispaa hapa Jericho na mmoja ni daktari wa mifugo.

Kumbukumbu_Kavu

Tupange tarehe kwanza, maana uzi utaenda mrama.

Ada za darasa la kwanza hadi la nne zilifutwa na Kenyatta mwaka 1974. Moi akaondoa zilizosalia pamoja na michango mwishoni mwa miaka hiyo ya 70, na maziwa ya Nyayo yakaja, hapo mzee hajakosea. Kisha 1988 serikali ikaleta mpango wa kugawana gharama, na ada zikarudi kwa mlango wa nyuma. 2003 ndiyo mara ya tatu "bure" inatangazwa, siyo ya kwanza. Ruzuku ilikuwa shilingi 1,020 kwa mtoto kwa mwaka; baadaye ikapandishwa hadi 1,420.

Mwaka huo mmoja idadi ya wanafunzi wa msingi iliruka kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Madarasa hayakuruka. Walimu hawakuruka. Jibu la Msafiri liko humo.

Msafiri_wa_46

@Kumbukumbu_Kavu asante. Ila shule hizi zilianza kabla au baada ya 2003? Kama ni kabla, msongamano hauwezi kuwa ndio sababu.

Kumbukumbu_Kavu

Nyingi zilikuwepo kabla. Mwingereza mmoja, James Tooley, na wenzake walihesabu shule za binafsi Kibera karibu na wakati huo wakapata 76, wanafunzi zaidi ya 12,000. Zingine zilifungwa bure ilipokuja, kisha baadhi ya wazazi wakarudisha watoto. Tooley anashangilia soko huria, kwa hiyo msome huku umekaza jicho. Lakini hesabu ni hesabu.

Halafu kuna kituo cha utafiti cha APHRC, wale walifuatilia mitaa ya mabanda ya Korogocho na Viwandani upande mmoja, na mitaa iliyopangwa ya Harambee na (samahani mzee) Jericho upande wa pili. Walichokuta kinachekesha na kuliza: wenye nafuu wa Jericho ndio waliokuwa wakifaidi shule za bure, na maskini wa Korogocho ndio waliokuwa wakilipa.

Mzee_wa_Jericho

Sasa nimekuwa mfano wa utafiti. Kosa langu ni kuishi karibu na shule?

Fundi_Mabati

Hakuna aliyesema kosa, mzee wangu. Wewe ulipangiwa shule pamoja na nyumba. Jericho ilichorwa kwenye ramani: nyumba, shule, zahanati, uwanja. Mukuru haikuchorwa na mtu. Kwa miaka mingi serikali ilituhesabu kama watu tulio safarini, na hujengi shule ya umma kwenye ardhi ambayo kwenye karatasi ni ya kiwanda. Mpaka 2017 kaunti ilipoitangaza Mukuru kuwa eneo maalumu la mipango ndipo angalau wakaanza kuandika wapi shule ingekaa. Kanisa lilipata nafasi kwa sababu halihitaji hati miliki. Linahitaji mabati na kibali cha mzee wa kijiji.

Mbongo_wa_Temeke

Wakuu, nimepita tu lakini nimekwama. Huku kwetu ukisema "shule ya kanisa" mtu anafikiria ada ya milioni na basi la njano. Mtoto wa fukara ndiye yuko shule ya serikali, iwe na watoto mia kwenye darasa au la. Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016 tuliwakalisha sakafuni lakini walikalishwa shule ya kata. Kishule cha mabati kisicho na usajili mtaani kwetu hakimalizi muhula, afisa elimu kashafika.

Babu yangu alisoma shule ya misheni ikatwaliwa na serikali baada ya ile Sheria ya Elimu ya 1969. Kwenu mlifanyaje?

Katibu_wa_Parokia

Mbongo, kwetu sheria ya 1968 iliziweka shule za misheni mikononi mwa umma lakini kanisa likabaki kama mdhamini, na sheria ya 2013 bado inamtambua. Ndiyo maana unaona shule ya serikali inaitwa jina la mtakatifu, mwalimu analipwa na TSC (tume ya serikali ya kuajiri walimu), na askofu bado anataka kusikilizwa mwalimu mkuu akibadilishwa.

Hilo linanileta kwa Mchokonozi. Usichanganye mambo. Kuna shule za parokia na za mashirika ya masista, ambazo hesabu zake hukaguliwa. Masista wa Mercy wako Mukuru tangu miaka ya 80. Kisha kuna kanisa la mtu mmoja, ambapo pasta ndiye mwenyekiti, mke wake ndiye mweka hazina na shemeji ndiye mwalimu mkuu. Haya mawili si kitu kimoja.

Mwalimu_Chaki

Katibu, hapo umenigusa, maana mimi niko hilo kundi la pili. Mke wa pasta ndiye mweka hazina, kweli. Ndiye pia anayepika. Anaamka saa tisa usiku kuloweka githeri. Ukaguzi wa hesabu ungeonyesha nini? Masista wana wafadhili Ireland, sisi tuna sadaka ya Jumapili.

Mchokonozi

Mapasta wengi nao wana wafadhili. Mzungu anakuja Julai na fulana za rangi moja, anapaka ukuta rangi, anapiga picha na watoto, anaondoka. Mwaka unaofuata anakuja kupaka ukuta ule ule. Hao Bridge nao walianzia Mukuru kwa mtindo huo huo.

Kumbukumbu_Kavu

Bridge si kanisa. Ni kampuni, shule yake ya kwanza ilifunguliwa Mukuru 2009, na mwalimu anasoma somo kutoka kwenye tableti. Compassion, lile shirika la Kikristo la kufadhili watoto, pia si wenye shule, kabla hujawataja: wao hufanya kazi kupitia kanisa la mtaa, mtoto anaandikiwa mfadhili, na shughuli zake huwa Jumamosi. Mtoto anaweza kuwa kwenye mpango huo na asome shule ya umma.

Mchokonozi

Sikuwa nawataja. Ila asante, sasa nimewajua.

Wa_Bukavu

Bandugu, kwetu Kongo swali hili halina kichwa. Shule ya kanisa ndiyo shule ya serikali. Tangu mkataba wa 1977, sehemu kubwa ya shule za msingi inasimamiwa na Wakatoliki, Waprotestanti ao Wakimbangu, na serikali ndiyo inapaswa kulipa mwalimu. Kwa kuwa ilikuwa hailipi vizuri, wazazi walikuwa wanatoa prime ya mwalimu kila mwezi. Mwaka 2019 bure ikaingia, prime ikakatazwa. Darasa zikajaa mpaka dirishani, na walimu wapya wengi hawajaingizwa kwenye orodha ya malipo. Padri anasimamia, serikali inaahidi, mwalimu anafunga saumu. Kwa hiyo msifikiri kuunganisha kanisa na serikali ndiyo dawa.

Fundi_Mabati

"Mwalimu anafunga saumu." Hiyo tumeichukua.

Binti_Kengeleni

Mnaongea kana kwamba jambo hili lilianza na Mukuru. Sisi wa Mombasa tuna eneo linaitwa Kengeleni, na kengele yenyewe ingali pale. Wamisheni wa Kianglikana wa CMS walianzisha Freretown miaka ya 1870 kuwapokea watumwa walioachwa huru, watu wasio na ukoo wala shamba pwani hii. Shule ilikuwa sehemu ya makazi. Rabai ilitangulia, Krapf na Rebmann walikaa huko tangu 1846. Shule ya kanisa kwa asiye na pa kwenda ni kongwe kuliko serikali ya Kenya.

Na mkumbuke pia waliojenga zao kwa hasira. Wakikuyu walipokosana na wamisheni kuhusu tohara ya wasichana, 1929, walianzisha shule huru za KISA na Karing'a, wakichangishana wenyewe. Wakaajiri wenyewe, wakawa na kanisa lao wenyewe. Nyingi zilifungwa hali ya hatari ilipotangazwa 1952. Kwa hiyo mzazi maskini kulipia shule ya mabati huku serikali ikimtazama kwa jicho baya si ujinga wala si jambo geni.

Ami_wa_Makina

Nitoe yangu. Mimi ni Mnubi wa Kibera, Muislamu, na binti yangu yuko shule ya kanisa. Imani haikunipeleka huko. Nilipeleka jina shule ya umma nikaambiwa niweke cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Cheti chenyewe kinadai kitambulisho cha wazazi, na Wanubi mnajua hadithi yetu ya vitambulisho. Pasta hakuuliza cheti. Aliuliza mtoto amekula.

Saa tisa anatoka, saa kumi yuko madrasa. Nyimbo za Jumapili anazijua kuliko watoto wa pasta. Mama yangu akija nyumbani namwambia binti aimbe jedwali.

Mama_wa_Ploti_Kumi

Hahaha Ami! Na akija pasta anaimba qaswida?

Ami_wa_Makina

Pasta akija tunampa chai, mambo yanaisha. Lakini niseme la kweli: kuna mwalimu mmoja aliwahi kuwaambia watoto wasiookoka waende wapi. Nilimfuata pasta. Ibara ya 32 ya katiba ninayo kwenye simu, sikuhitaji kuifungua. Alimrekebisha. Shule nyingine wasingerekebisha, na mzazi mwenye mlango mmoja tu angenyamaza.

Msafiri_wa_46

Hilo ndilo nilikuwa nataka. Mzazi mwenye mlango mmoja hachagui. Kwa hiyo tusiseme "wazazi wanapenda shule za kanisa". Wamebanwa.

Mama_wa_Ploti_Kumi

Nani kabanwa? Mimi nimekuwa na milango miwili na nimepita yote. Mtoto wa kwanza alifika darasa la tatu shule ya umma hajui kusoma, na mwalimu hakujua jina lake. Si kosa la mwalimu, walikuwa themanini na kitu. Wa pili, kanisani, walikuwa ishirini na wanane. Alianza kunisomea vibao vya matatu njiani. Usinifanye kipofu eti kwa sababu nafua.

Fundi_Mabati

Msafiri amepigwa na beseni 😂

Zao_la_Korogocho

Nimesoma kimya kimya, sasa niongee. Mimi nilisomea ukumbini, Korogocho, na KCPE, mtihani wa darasa la nane, nilifanya 2010. Alama zangu zilinitosha shule ya kitaifa. Uteuzi ulipokuja mwanzoni mwa 2011, wizara ilikuwa imeamua nafasi za shule hizo zigawanywe kwa kuangalia kama umetoka shule ya umma au ya binafsi, na binafsi ikapewa mgao mdogo. Nia yao nilielewa, watoto wa matajiri walikuwa wamezijaza. Lakini mimi, niliyekuwa nakunywa uji kwa kikombe cha kupokezana, niliwekwa kapu moja na watoto wa akademia za Lavington. Kwenye fomu tulikuwa "binafsi" sote.

Nilienda shule ya kutwa. Nimefika, sina kinyongo na mtu. Ila kila nikisikia afisa anaita shule hizi "za binafsi" tumbo linanguruma.

Katibu_wa_Parokia

Jambo hilo ndilo sera ya 2009 ilijaribu kulitengeneza. Iliziita APBET, yaani elimu ya msingi kwa njia mbadala, ili ziwe na usajili wao bila kudaiwa ekari za ardhi kama shule nyingine za binafsi. Kwenye karatasi ilikuwa nzuri. Ruzuku ikawa ndiyo kitendawili. Kuna zilizowahi kupata kidogo, nyingi hazikuona kitu.

Mkaguzi_Mstaafu

Nimefanya kazi ya ukaguzi wa majengo, si Nairobi pekee. Mnazungumza juu ya huruma na daftari la penseli, nani amezungumza juu ya paa? Septemba 2019 shule iliporomoka Dagoretti, watoto wanane wakafa. Haikuwa ya mabati matupu. Ilikuwa ya ghorofa, mbao na zege lisilo na nguzo za maana. Nimeingia kumbi zenye mlango mmoja, dirisha la waya, na jiko la kuni upande wa pili wa plaiwudi. Nilipoandika zifungwe niliitwa adui wa maskini.

Mwalimu_Chaki

Mkaguzi, sikuiti adui. Baada ya Dagoretti nasi tulifungiwa. Watoto walikaa nyumbani, wengine dampo, hadi pasta alipopata mabati mapya na kuongeza mlango wa pili. Hakuna aliyekuja kusema "hawa tunawapeleka shule fulani, dawati lipo". Kifungo kilikuja na kufuli tu.

Mkaguzi_Mstaafu

Kufuli ndicho kifaa nilichopewa. Ningepewa madarasa ningeyaleta.

Fundi_Mabati

Na zile zilizobomolewa Kibera Julai 2018 kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata? Shule kadhaa siku moja. Na za kando ya mto Mathare baada ya mafuriko ya 2024, walipokuja na ule upana wa mita 30 kutoka mtoni. Hapo hata kufuli halikuwepo, tingatinga tu.

Mchokonozi

Kuna kipindi kimesahaulika. Machi 2020. Makanisa yalifungwa pamoja na shule, kwa hiyo sadaka ilikatika na karo ikakatika wiki moja. Mtaani kwetu shule mbili hazikufunguliwa tena Januari 2021, ukumbi mmoja leo ni ghala la magodoro. Nikubali hapo: ingekuwa biashara nono kama nilivyosema, mwenye biashara asingeuza madawati kwa kuni.

Mwalimu_Chaki

Jioni njema hii. Mchokonozi amekubali kitu.

Mchokonozi

Probox sijaisamehe.

Mzee_wa_Jericho

Swali la mtu asiyejua: walimu wenyewe wamefunzwa? Maana kumpenda mtoto si kumfundisha.

Mwalimu_Chaki

Shule yetu wawili tuna vyeti, wengine ni vijana waliomaliza kidato cha nne. Mmoja ana kipaji kuliko sisi wenye vyeti. Tatizo ni kwamba ukishapata nambari ya TSC wewe ni mpita njia. Januari 2023 TSC ilipoajiri kwa maelfu kwa ajili ya sekondari msingi, tulipoteza mwalimu wa sayansi katikati ya juma. Nilimpongeza. Nilichukua darasa lake juu ya langu.

Kumbukumbu_Kavu

Na hapo ndipo mtaala mpya unapozibana. Zamani kishule kilikwenda mpaka darasa la nane na KCPE, ya mwisho ilikuwa 2023. Sasa mtihani wa gredi ya sita ni KPSEA, halafu gredi ya saba inataka maabara, walimu wa masomo maalumu, vyumba. Mtoto wa gredi ya saba shule ya umma aliwekewa ruzuku ya 15,042. Wa kanisani, sifuri. Nadhani miaka ijayo vishule hivi vitakuwa mahali pa gredi ya sita kushuka chini.

Zao_la_Korogocho

Sikubaliani. Walisema hivyo hivyo 2003.

Mama_wa_Ploti_Kumi

Jamani kabla hamjaanza tena, mimi ndiye mwenye tatizo la kweli hapa. Wa pili wangu yuko gredi ya sita kanisani. Januari lazima ahamie gredi ya saba shule ya umma. Nimeambiwa bila jina lake kwenye mfumo wa wizara wa kusajili wanafunzi hatapokelewa. Kuna anayejua?

Mwalimu_Chaki

Mama, inategemea. Shule yenu imesajiliwa au watoto husajiliwa mtihani kupitia kituo cha jirani? Zetu nyingi hufanya hivyo, na hapo ndipo jina hupotelea: mtoto ana nambari ya mtihani lakini mfumo unasema yuko shule nyingine.

Mama_wa_Ploti_Kumi

Ya jirani. Walitoa mia tano kila mtoto.

Ami_wa_Makina

Na cheti cha kuzaliwa unacho? Maana bila hicho nambari ya mfumo haitoki kabisa. Mimi ndipo nilipokwama.

Mama_wa_Ploti_Kumi

Ninacho, kimelowa mafuriko lakini nambari inasomeka.

Katibu_wa_Parokia

Basi usingoje Januari. Nenda kwa mwalimu mkuu wa hicho kituo cha mtihani, siyo kwa pasta, ukiwa na cheti, nambari ya KPSEA na picha. Muombe amtoe kwenye mfumo wakati shule unayotaka inamwingiza, na uandikiwe barua. Akikuzungusha nenda ofisi ya elimu ya kaunti ndogo.

Mkaguzi_Mstaafu

Ofisi hiyo fika asubuhi, na uende na nakala mbili. Mashine yao ya kunakili haifanyi kazi.